"Si watoe tu?" Hapana. Wacha mionzi itangulie kisu

Kuna swali moja ambalo kila familia ya Kenya huuliza siku ile kansa inatajwa. Huwa linatoka kwa mjomba mwenye sauti kubwa kwenye kundi la WhatsApp: "Sasa kama ni uvimbe, si watoe tu?"

Na kusema ukweli, namwelewa. Kitu kibaya kiko ndani ya mtu wenu, kila usiku mnawaza kinakua, halafu daktari anawaambia upasuaji ni baadaye, labda miezi kadhaa. Kwanza mionzi. Familia inasikia nini hapo? Inasikia "tunazungushwa." Inasikia "hawa wanataka kukula pesa zetu." Kabla wiki iishe, kuna binamu ameshapata mtu mahali anayeweza kupasua Jumatatu, na mchango umeanza.

Leo nina jambo moja tu la kusema. Kwa wagonjwa wengi wa kansa ya puru ambayo imeanza kutoka nje ya ukuta wa utumbo, mionzi kabla ya upasuaji si kucheleweshwa. Hayo ndiyo matibabu yenyewe, yameshaanza. Na wewe kijana ndiye unafaa kusema hivyo kwenye hilo kundi, kwa sababu sote tunajua nani huwa Google ya familia. Nani anasoma ripoti, nani anampeleka mathe kliniki, nani anaandika ule ujumbe wa mchango. Ni wewe.

Kwanza, puru ni wapi?

Ni ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, kama sentimita 15 hivi, kabla ya kutokea nje. Ndiyo, huko huko. Tucheke mara moja tumalize, kwa sababu hii aibu imeua watu. Mtu anaona damu kwenye choo, anajiambia ni bawasiri, anakunywa dawa ya miti shamba, mwaka unaisha.

Na usiseme hii ni story ya wazee. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alijitokeza mwaka 2019 akasema ana kansa ya utumbo mpana, na ilikuwa tayari hatua ya nne. Aliaga dunia Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, aliondoka 2020 akiwa na 43, kansa ya utumbo pia. Marekani, mwaka 2021, walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45 kwa sababu walikuwa wanaona wagonjwa wenye umri mdogo wakiongezeka.

Turudi kwa puru. Utumbo mpana ule mwingine uko tumboni, una nafasi. Puru imekaa chini ndani ya nyonga, mahali pembamba kama faneli. Mbele yake kuna kibofu, na tezi dume kama ni mwanaume, au uke na mfuko wa uzazi kama ni mwanamke. Pembeni kuna mishipa ya neva ya mkojo na ya tendo la ndoa. Daktari wa upasuaji akiingia huko hana nafasi ya kukata kwa uhuru. Akiacha chembe chache tu za kansa kando ya nyonga, hizo ndizo zitarudi.

Kwa hiyo akija mtu akuambie "shangazi yangu alitolewa kansa ya utumbo bila mionzi na yuko sawa," muulize utumbo gani. Kansa iliyo juu, tumboni, kwa kawaida haipewi mionzi kabisa. Ni jina moja la ukoo lakini nyumba tofauti.

Kwa nini kabla, si baada?

Ulishawahi kuishi bedsitter yenye kunguni? Basi utaelewa. Ukibeba kiti chenye kunguni ukipite nacho koridoni kabla ya kupulizia dawa, umewaangusha njiani kote. Mwenye akili anapulizia kwanza, anawacha dawa ifanye kazi, ndio anatoa kiti.

Mionzi inafanya kitu kama hicho. Inaua chembe zilizoanza kutambaa pembeni ya uvimbe, na mara nyingi inaupunguza uvimbe wenyewe, ili daktari akikata apite kwenye nyama safi. Halafu kuna sababu zingine mbili ambazo ukizisikia zinaingia akilini mara moja. Ya kwanza, kabla ya upasuaji damu bado inapita vizuri hapo, na mionzi inafanya kazi vizuri zaidi mahali penye oksijeni. Ya pili, ukishatoa puru, utumbo mwembamba unaweza kushuka kujaza ile nafasi, na hapo ukipiga mionzi unachoma utumbo usio na makosa, pamoja na ile sehemu mpya iliyounganishwa. Ukitanguliza mionzi, sehemu kubwa ya utumbo uliochomwa ndiyo hiyo hiyo inayokatwa na kutupwa.

Usiniamini mimi, angalia namba

Uswidi walilijaribu hili kwa watu 1,168. Kikundi kimoja kilipasuliwa moja kwa moja. Kingine kilipewa mionzi ya wiki moja, kisha kikapasuliwa. Matokeo yalichapishwa 1997. Baada ya miaka 5, kansa ilikuwa imerudi palepale nyongani kwa asilimia 27 ya waliopasuliwa tu, na asilimia 11 ya waliotanguliza mionzi. Waliokuwa hai ni asilimia 48 kwa 58.

Msee mkali atauliza: labda hao madaktari walikuwa wanakata vibaya? Swali fiti sana. Kipindi hicho Mwingereza mmoja, Bill Heald wa hospitali ya Basingstoke, alikuwa anafundisha wenzake namna ya kutoa puru pamoja na ule mfuko wote wa mafuta unaoizunguka, ukiwa mzima bila kuchanika, kwa sababu humo ndimo kansa hujificha. Mbinu yake ilibadilisha upasuaji huu dunia nzima. Basi Waholanzi wakachukua wagonjwa 1,861, wote wapasuliwe kwa mbinu hiyo, halafu nusu waongezewe mionzi kwanza. Mwaka 2001 wakatoa majibu: baada ya miaka 2, kansa ilirudi palepale kwa asilimia 8.2 ya wasiopewa mionzi, na asilimia 2.4 ya waliopewa. Yaani hata fundi akiwa moto, mionzi bado inaongeza kitu.

Na wale wanaosema "wapasue kwanza, mionzi itakuja baadaye"? Wajerumani walilinganisha hizo mbili ana kwa ana, mionzi pamoja na kemo kabla ya upasuaji au baada yake. Mwaka 2004 wakachapisha: kansa kurudi palepale ndani ya miaka 5 ilikuwa asilimia 6 kwa waliotanguliza, 13 kwa waliongoja. Na madhara makali ya matibabu yalikuwa machache kwa waliotanguliza, asilimia 27 dhidi ya 40. Unapata faida zaidi na unaumia kidogo. Mpangilio peke yake ndio ulileta hiyo tofauti.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu hapa hatuuzi maji ya upako. Mionzi haiongezi miaka ya kuishi kwa kila mtu. Kwa Waholanzi na kwa Wajerumani, idadi ya waliobaki hai ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kuna atakayesema basi haina maana. Mimi nakataa. Kansa ikirudi ndani ya nyonga inabana neva, inaziba mkojo, inatoa usaha, na maumivu yake hayapoi na Panadol. Kupasua mara ya pili mahali hapo ni kazi ngumu sana, na wengine hawapasuliki tena. Kumwepusha mathe na hiyo miezi ni ushindi, hata kama kalenda haijaongezeka.

Siku tano

Hapa ndipo nina maoni makali zaidi, na ndipo mambo kwa graundi yanaingia.

Kuna namna mbili kubwa za kupewa mionzi hii. Ya kwanza ni ndefu: vipimo 25 hadi 28, kimoja kila siku ya kazi, wiki tano au zaidi, pamoja na vidonge vya kemo. Ya pili ni fupi: vipimo vitano vikubwa, Jumatatu hadi Ijumaa, umemaliza. Hiyo fupi ndiyo ile ya Waswidi na Waholanzi niliyoitaja juu, kwa hiyo hakuna mtu aliyeibuni juzi ili kubana matumizi.

Sasa fikiria mzee anayetoka Marsabit kuja Nairobi, zaidi ya kilomita 500. Tuseme chumba na chakula vinamla shilingi elfu moja kwa siku, na hiyo ni kujibana. Wiki tano ni 35,000, kabla hujahesabu nauli ya matatu ya kila siku na yule mtoto aliyeacha kazi kumsindikiza. Wiki moja ni 7,000. Kwa familia nyingi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atamaliza dozi au atarudi ushago akiwa amefika katikati. Na dozi ya katikati haikupi ile faida niliyokuhesabia hapo juu.

Tumetoka mbali kidogo, nakubali. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee nchini yenye mashine za mionzi, na foleni ilikuwa ya kutisha. Siku hizi kuna Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa. Lakini mashine bado ni chache ukilinganisha na wagonjwa. Mashine moja inayomtibu mgonjwa mmoja kwa siku 25 ingeweza kutibu watano kwa siku hizo hizo, kama wote wanafaa mpango mfupi. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Wakati wa korona mwaka 2020, wataalamu wa nchi tajiri wenyewe walipendekeza mpango mfupi ili kupunguza safari za hospitali. Kama siku tano zilikuwa poa kwao wakati wa dharura, sioni mbona zisiwe swali la kwanza kwetu, ambao dharura ya nauli tunaiishi kila mwezi.

Usiniskize vibaya. Mpango mfupi haumfai kila mtu. Utafiti mmoja mkubwa wa kimataifa, unaoitwa RAPIDO, uliwapa wagonjwa mionzi ya siku tano, kisha kemo ya miezi kadhaa, ndio wakapasuliwa. Mwanzoni ulipendeza: kwa asilimia 28 ya wagonjwa, walipopasuliwa hakukupatikana kansa iliyobaki, wakati kwa wenzao wa mpango mrefu ilikuwa 14. Lakini walipofuatwa hadi miaka 5, kansa ilikuwa imerudi palepale kwa watu zaidi kidogo upande wa siku tano. Kwa hiyo daktari akitazama picha ya MRI akaona uvimbe umegusa ukingo, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua wiki tano. Ninachodai ni kwamba aseme sababu hiyo, na familia isikie kwamba kuna njia mbili kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya moja.

Kitu kingine cha pesa: SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kikomo cha kansa kiliwekwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Hizo zinaliwa na mionzi, kemo na vipimo kwa pamoja. Kabla ya kuanza, uliza kikomo cha sasa ni ngapi na mpango mzima utakula ngapi. Usigundue katikati.

Hatari ya kujisikia fiti

Kuna kosa la pili, na linatokana na haraka ile ile. Mionzi imeisha, wiki zinapita, damu imekauka, mathe anakula, anacheka, amenenepa kidogo. Mjomba yule yule sasa anasema, "Si amepona? Kupasua ni ya nini tena?" Ushuhuda unatolewa kanisani. Tarehe ya upasuaji inapita na simu ya hospitali haishikwi.

Manze, hapo ndipo tunapoteza watu. Zile wiki za kungoja zipo kwa sababu mionzi inaendelea kufanya kazi hata baada ya mashine kuzimwa, na mwili unapona kabla ya kisu. Uvimbe ukipungua haimaanishi umeisha.

Ni kweli kuna wagonjwa ambao uvimbe hupotea kabisa na hawapasuliwi. Daktari wa Brazil, Angelita Habr-Gama wa São Paulo, ndiye aliyefanya dunia ianze kulichukulia hilo kwa uzito. Lakini hao hufuatiliwa kama mtoto mchanga: kuguswa kwa kidole, kamera na MRI kila baada ya miezi michache, kwa miaka. Kansa ikirudi inakamatwa mapema. Kuamua hivyo na daktari ni matibabu. Kuamua hivyo na mjomba ni kutoroka.

Yale ambayo hakuna mtu huongea

Mionzi ya nyonga ina bei yake. Kuhara, uchovu, ngozi kuwasha, mkojo kuchoma, hayo mengi hupungua baada ya wiki kadhaa. Mengine hukaa: kukimbilia choo ghafla, shida za kusimamisha kwa wanaume, uke kukauka na kubana kwa wanawake.

Na kwa vijana kuna hili kubwa. Dozi hii kwa kawaida huzima ovari, yaani hedhi inakoma mapema, na mfuko wa uzazi unaweza kushindwa kubeba mimba. Kwa mwanaume, mbegu zinaweza kuathirika. Kuna njia za kujikinga, kama kuhifadhi mbegu au mayai, au kusogeza ovari mbali na mionzi. Kuna kliniki za Nairobi zinazohifadhi, ingawa doo yake si mchezo. Lakini lazima uulize kabla ya siku ya kwanza. Baada ya hapo swali limechelewa. Kama una miaka 28 na daktari hajalitaja, litaje wewe. Hakuna aibu hapo.

Pia si kila kansa ya puru inahitaji mionzi. Iliyo ndogo na ya mapema inaweza kwenda kwa upasuaji moja kwa moja. Mwaka 2023 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kuwa wagonjwa fulani waliochaguliwa vizuri wanaweza kupewa kemo kwanza na wengi wao wakaruka mionzi bila hasara. Hilo ni jambo zuri. Ila linaamuliwa na MRI na madaktari wa pande zote wakiwa wamekaa pamoja, wa upasuaji, wa mionzi na wa kemo. Haliamuliwi na haraka yetu.

Piga skrinshoti hapa

Siku ukikaa mbele ya daktari na mtu wako, uliza haya:

1. Uvimbe uko puru au juu yake? Umbali gani kutoka nje?
2. MRI ya nyonga imefanywa? Uvimbe umefika ukingoni?
3. Mionzi kabla ya upasuaji, ndiyo au hapana, na kwa nini?
4. Siku tano au wiki tano, na kwa nini?
5. Uzazi utalindwa vipi?
6. Tarehe ya MRI ya pili na ya upasuaji ni lini? Andika kwa simu hapo hapo, na uweke alarm.

Kama daktari anakasirika kwa maswali sita, tafuta maoni ya pili. Lakini kama anayajibu vizuri na bado anasema "mionzi kwanza," basi kazi yako ni nyingine. Fungua lile kundi la WhatsApp na uandike kwa heshima: "Mjomba, shikamoo. Hatujacheleweshwa. Matibabu yameanza Jumatatu. Tunahitaji nauli ya siku tano."